Bakteria Rafiki na Asidi ya Yuriki: Mtumiaji Ajue Nini Kabla ya Kununua

Kila ifikapo Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya watu wanaorejea nyumbani. Katika vihamba vya Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, majiko huwaka tangu alfajiri: ndafu huokwa, mtori hupondwa, na mbege iliyoiva huwasubiri wageni. Ni siku za kukutana na ukoo na kuwakumbuka wazee waliotangulia. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu sikukuu huishia pabaya. Usiku wa manane mtu huamshwa na maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Kidole kimevimba, kina joto, na hata uzito wa shuka hauvumiliki.

Ugonjwa huo huitwa jongo, ingawa wengi wetu tumezoea kuuita gauti. Chanzo chake ni kuzidi kwa asidi ya yuriki mwilini. Kwa kuwa maumivu yake hayasahauliki, mgonjwa huwa tayari kununua chochote kinachoahidi nafuu. Miongoni mwa vinavyotangazwa ni bidhaa za probiotiki, yaani bakteria rafiki waliowekwa katika kapsuli, pakiti za unga au mtindi, ambao inadaiwa hushusha asidi hiyo bila dawa za hospitali.

Makala hii inamsaidia mtumiaji kupima dai hilo. Jibu lake kwa ufupi ni hili: utafiti kuhusu bakteria rafiki na asidi ya yuriki ni wa kweli na unatia matumaini, lakini bado ni mchanga. Mtindi ni chakula chema kwa wagonjwa wengi wa jongo. Hakuna kopo la bakteria lililothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa aliyoandikiwa mgonjwa na daktari.

Asidi ya yuriki hutoka wapi?

Ndani ya kila seli ya kiumbe hai kuna viambato viitwavyo purini. Seli zinapochakaa na kuvunjwa, purini hizo hugeuzwa kuwa asidi ya yuriki. Sehemu kubwa ya purini hutokana na seli za mwili wenyewe; sehemu iliyobaki huletwa na chakula na vinywaji, hasa nyama, maini, figo, baadhi ya samaki na pombe. Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachoimeng'enya asidi hiyo zaidi na kuiondoa kwa urahisi. Binadamu alikipoteza kimeng'enya hicho zama za kale sana, hivyo hana budi kuitoa asidi yenyewe kama ilivyo. Takriban theluthi mbili hutolewa na figo kwa njia ya mkojo, na theluthi moja hutoka kupitia utumbo.

Kiwango kinapozidi uwezo wa damu kuiyeyusha, yaani takriban miligramu 6.8 kwa desilita, asidi huanza kuganda na kuwa chembe kali mfano wa vipande vya sindano. Chembe hizo hujikusanya katika viungo, na kinga ya mwili inapozishambulia ndipo uvimbe na maumivu huanza. Zikiachwa kwa miaka mingi, huota vinundu chini ya ngozi, huharibu viungo, na huweza kusababisha mawe ya figo.

Mtumiaji azingatie mambo mawili kuhusu kipimo cha damu. Kwanza, kiwango kikubwa peke yake si ugonjwa wa jongo. Watu wengi wana asidi iliyozidi kidogo na hawapati shambulio hata siku moja. Kwa kawaida watu hao hawahitaji kuanzishiwa dawa ya kuishusha. Pili, wakati wa shambulio lenyewe kipimo kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida, kwa hiyo daktari huweza kukuagiza upime tena baada ya wiki kadhaa. Mtu asiuziwe tiba ya miezi kwa sababu tu ya kipimo kimoja kilichofanywa barabarani.

Bakteria wa tumboni wanahusikaje?

Wazo la kutumia bakteria halikuzuka hewani. Kwa kuwa theluthi moja ya asidi ya yuriki hupitia utumbo, na utumbo ndiyo makazi ya bakteria wasiohesabika, watafiti walijiuliza kama viumbe hao huisaidia kazi ya kuiondoa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba bakteria wa aina nyingi waishio katika utumbo wa binadamu wana uwezo wa kuivunja asidi ya yuriki na kuigeuza kuwa vitu vingine visivyoleta madhara hayo. Walibaini pia kwamba matumizi ya viuavijasumu vinavyoangamiza bakteria hao yaliambatana na ongezeko la hatari ya kupata jongo.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili kwa mtumiaji. La kwanza ni kwamba kumeza viuavijasumu ovyo, bila kuandikiwa, kunaweza kuwaua walinzi ambao mtu anao tayari bila kuwalipia. La pili ni kwamba wengi wa bakteria waliochunguzwa ni wale wasiostahimili hewa ya oksijeni, waishio ndani kabisa ya utumbo. Si hao wanaogandisha maziwa, wala si hao wanaojaza makopo mengi ya dukani. Muuzaji anayesema "utafiti umethibitisha kwamba bakteria wa tumboni hushusha asidi ya yuriki" anasema jambo lenye ukweli, kisha analibandika kwenye bidhaa ambayo haikuwamo katika utafiti huo.

Je, bidhaa zenyewe zimejaribiwa kwa wagonjwa?

Zipo chache zilizojaribiwa. Nchini Japani, mtindi uliotiwa bakteria aitwaye Lactobacillus gasseri PA-3 umefanyiwa majaribio kwa watu wenye asidi iliyozidi. Bakteria huyo anafyonza sehemu ya purini za chakula kabla utumbo haujazichukua. Nchini Uhispania, mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la miezi sita lililotumia bakteria Ligilactobacillus salivarius CECT 30632. Waliopewa bakteria huyo walishuka kiwango cha asidi na kupata mashambulizi machache zaidi. Habari hiyo ni njema, lakini jaribio hilo lilikuwa na wagonjwa 30 tu kwa makundi yote mawili. Idadi hiyo hutosha kuwashawishi watafiti waendelee. Haitoshi kumwambia mgonjwa wa Moshi aache dawa yake.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulipita haraka, nalo ni nasaba ya bakteria. Kusema tu "Lactobacillus" ni sawa na kusema Mushi, Massawe au Kimaro: umeutaja ukoo, lakini mtu mwenyewe hujamtaja. Ndani ya ukoo mmoja yupo fundi, yupo mwalimu na yupo dereva, na ujuzi wa mmoja si ujuzi wa mwenzake. Herufi na tarakimu zinazofuata jina la bakteria, kama PA-3 au CECT 30632, ndizo zinazomtambulisha aliyejaribiwa. Kopo lisilo na utambulisho huo haliwezi kudai matokeo ya jaribio lolote.

Hapa Tanzania tunao mfano wa jambo hilo. Mwaka 2004 kina mama wa Mabatini, Mwanza, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western Ontario cha Kanada, walianzisha jiko la mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakiwalenga hasa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mradi huo uliwapa kina mama kipato na jamii chakula chenye manufaa. Hata hivyo, ulilenga lishe, afya ya tumbo na kinga ya mwili, si asidi ya yuriki. Bakteria aliyefaa kwa kazi moja hapewi sifa ya kazi nyingine kwa kuwa tu naye huitwa rafiki.

Mtindi wa nyumbani je?

Mwaka 2001, wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Maneno ya kuzingatia ni matatu: hai, kiasi na faida iliyothibitishwa.

Kwa kipimo hicho, mtindi wa kibuyu unaogandishwa nyumbani una bakteria hai, lakini aina na idadi yao hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, na hata kati ya kibuyu na kibuyu. Si sahihi kuuita dawa. Hilo haliupunguzii thamani yake kama chakula. Utafiti uliofuatilia wanaume 47,150 nchini Marekani kwa miaka 12, na kuchapishwa mwaka 2004, uliorodhesha wagonjwa wapya 730 wa jongo. Waliokula nyama na samaki kwa wingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Waliotumia zaidi maziwa na mazao yake, hasa yale yenye mafuta kidogo, walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Inaaminika kwamba protini za maziwa husaidia figo kuitoa asidi ya yuriki. Kwa maneno mengine, faida ya mtindi kwa mgonjwa wa jongo huenda inatokana na maziwa yenyewe zaidi kuliko bakteria waliyoyagandisha. Faida hiyo inapatikana kwa bei ya maziwa. Katika nchi ambayo kina mama wa Nronga, wilayani Hai, wamekuwa wakiendesha ushirika wao wa maziwa tangu mwaka 1988, mtumiaji hana haja ya kuitafuta mbali.

Zipo tahadhari mbili. Ya kwanza ni usalama wa maziwa. Maziwa mabichi yasiyochemshwa, hata yakigandishwa, yanaweza kubeba vimelea vya bruselosisi, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Utafiti uliofanywa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008 uliukuta ugonjwa huo miongoni mwa wagonjwa wa homa waliolazwa. Kwa binadamu, bruselosisi huleta homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo. Itakuwa msiba wa kujitakia mtu akinywa mtindi wa maziwa mabichi kutibu viungo, kisha akaugua viungo kwa sababu ya mtindi huohuo. Maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yatiwe kianzio cha kugandisha. Tahadhari ya pili ni sukari. Mtindi wa dukani wenye ladha ya matunda mara nyingi hutiwa sukari nyingi, na nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi, ambayo huongeza utengenezaji wa asidi ya yuriki mwilini. Chagua mtindi usio na sukari.

Wapo pia wanaosema kwamba mbege, kwa kuwa huchachuka, ndiyo probiotiki ya Mchaga. Mbege ni kinywaji chenye heshima yake katika mila, lakini kwa asidi ya yuriki kileo chake ni kileo. Kileo huongeza utengenezaji wa asidi na huzuia figo kuitoa. Aidha, pombe isiyochujwa huwa na masalia ya hamira, ambayo ni yenye purini nyingi. Uchunguzi wa wanaume walewale wa Marekani ulionyesha kwamba bia iliongeza hatari ya jongo kuliko pombe kali. Uhai wa bakteria ndani ya kata la mbege haufuti athari hiyo.

Hasara iko wapi?

Msomaji anaweza kuuliza: kama bakteria hawa hawadhuru, kuna ubaya gani kujaribu? Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwalimu mstaafu wa Uru ana miaka 60. Ana jongo na shinikizo la damu, na kwa mwaka mzima ametumia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki. Bintiye, anayefanya kazi mjini, anamletea makopo mawili ya kapsuli. "Baba," anamwambia, "hizi ni za asili, hazichoshi figo kama hivyo vidonge vyako vya kila siku." Mzee anafurahia upendo wa mwanawe. Anaweka vidonge vya hospitali kabatini na kuanza kapsuli. Miezi mitatu inapita bila maumivu, naye anawasimulia majirani. Mwezi wa nne shambulio linamwangusha. Hakupima damu katika kipindi chote hicho, kwa hiyo hakujua kwamba asidi ilikuwa ikipanda kimyakimya. Ili apate usingizi anameza diklofenaki alizonunua bila cheti, siku baada ya siku, dawa ambayo kwa mtu mwenye shinikizo la damu huweza kuziumiza figo kweli.

Katika mfano huu bakteria hawakumdhuru mtu. Kilichodhuru ni dawa iliyoachwa na kipimo kisichofanywa. Binti hakukosea kumpenda baba yake. Alikosea kuiamini lebo kuliko cheti cha daktari.

Ni muhimu pia kuelewa kwa nini wagonjwa huichoka alopurinoli. Katika miezi ya mwanzo ya matumizi, chembe za zamani huanza kuyeyuka, na mashambulizi huweza kuongezeka kabla ya kupungua. Mgonjwa asiyeelezwa hudhani dawa ndiyo inayomwumiza, na hapo ndipo mlango wa muuzaji hufunguka. Kwa kweli hali hiyo inajulikana, na daktari huanza na dozi ndogo pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe kwa miezi kadhaa. Mwongozo wa Chuo cha Wataalamu wa Magonjwa ya Viungo cha Marekani wa mwaka 2020 uliiweka alopurinoli kuwa chaguo la kwanza na ukaweka lengo la kushusha asidi hadi chini ya miligramu 6 kwa desilita, sawa na takriban mikromoli 360 kwa lita. Probiotiki hazikuwekwa miongoni mwa tiba hizo. Jambo moja lisisubiri: mtumiaji wa alopurinoli akitokwa na vipele au ngozi ikianza kuchubuka, aiache mara moja na aende hospitali siku hiyohiyo.

Ukiamua kununua, soma hivi

Mtumiaji ana haki ya kutumia fedha zake apendavyo, na ana haki ya kujua anachokinunua. Kabla ya kulipa, tafuta majibu ya maswali haya kwenye lebo:

1. Je, jina kamili la bakteria limeandikwa, pamoja na herufi na tarakimu za nasaba yake? Kama halipo, hujui umenunua nini.

2. Je, idadi ya bakteria hai imetajwa, na ni idadi ya siku ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi? Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, mtindi unaotaja bakteria fulani kwa jina unapaswa kuwa nao wasiopungua milioni 1 kwa kila gramu mpaka mwisho wa muda wake.

3. Je, bidhaa inatakiwa kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na muuzaji ameihifadhi hivyo? Kopo lililokaa juani mezani pa muuzaji wa Moshi mjini huenda limebaki na maiti za bakteria. Kwa sababu hiyohiyo, usiitie probiotiki kwenye uji au chai ya moto. Maziwa mgando yaliyopashwa moto baada ya kugandishwa ili yadumu nayo hayana bakteria hai.

4. Je, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi vipo na vinasomeka kwa lugha unayoielewa?

5. Je, lebo au muuzaji anadai kwamba bidhaa inatibu jongo? Kitu kinachouzwa kwa dai la kutibu ugonjwa kinapaswa kuthibitishwa na kusajiliwa kama dawa. Ukiona dai bila usajili, simama hapo.

Kisha zidisha bei ya kopo la mwezi kwa 12, kwa maana jongo ni ugonjwa wa muda mrefu. Linganisha jumla hiyo na gharama ya dawa uliyoandikiwa, vipimo viwili vya damu na lita moja ya maziwa kila siku mbili. Hesabu hiyo mara nyingi humaliza mjadala.

Jihadhari na nafuu ya haraka mno

Bakteria rafiki, hata waliofanya vizuri katika majaribio, hufanya kazi polepole kwa wiki na miezi. Bidhaa "ya asili" inayoondoa maumivu ya viungo kwa siku moja yapaswa kutiliwa shaka. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu bidhaa ya viungo iitwayo Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Dawa hizo huondoa uvimbe upesi, lakini zikitumiwa bila usimamizi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupanda kwa sukari na shinikizo la damu, na madhara ya figo. Aliyekwisha kutumia bidhaa ya namna hiyo kwa muda mrefu asiiache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu mwili huenda umezoea deksamethasoni iliyofichwa.

Mezani, na katika kabati la dawa

Chakula peke yake hushusha asidi ya yuriki kwa kiasi kidogo, lakini hupunguza mashambulizi. Mgonjwa wa mlimani hahitaji kuacha chakula cha kwao. Ndizi za kupika zina purini chache. Katika mtori, kinachopasa kupunguzwa ni nyama na mchuzi mzito wa mifupa, kwa sababu purini za nyama huyeyukia kwenye supu. Maharage ya kiburu, ambayo wengi wamekatazwa, hayana hatia iliyodhaniwa: utafiti wa mwaka 2004 haukuona hatari zaidi kwa waliokula mboga na jamii ya kunde zenye purini. Vya kupunguza ni maini, figo, kisusio, dagaa, nyama nyekundu kwa wingi, soda na pombe, hasa bia. Anywe maji ya kutosha na apunguze uzito taratibu. Kujinyima chakula ghafla huweza kuamsha shambulio.

Pekua pia kabati la dawa. Baadhi ya dawa za kuongeza mkojo zinazotumiwa kwa shinikizo la damu, kama haidroklorothiazidi, huongeza asidi ya yuriki. Vivyo hivyo pirazinamidi, moja ya dawa za kifua kikuu za miezi miwili ya mwanzo, ambayo wagonjwa wanaotibiwa Kibong'oto na kwingineko wanaifahamu. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako. Mweleze daktari kuhusu maumivu ya viungo, naye ataamua kama pana haja ya kubadilisha.

Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, anayepata tiba ya saratani, aliyelazwa akiwa mahututi, au mwenye mtoto njiti asitumie wala asimpe mtoto bidhaa za probiotiki bila ushauri wa daktari. Kwao bakteria anayeitwa rafiki huweza kuingia kwenye damu na kuleta maambukizi.

Ukiona tatizo, sema

Tangu Julai 2019, usalama wa chakula nchini unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na matangazo yanayopotosha mlaji yanaweza kufikishwa Tume ya Ushindani, FCC. Ukikuta bidhaa yenye dai la kutibu jongo bila usajili, au ukipata madhara baada ya kuitumia, tunza kopo, lebo na risiti, kisha toa taarifa. Huna haja ya kuwa na ushahidi wa maabara. Kazi ya kupima ni ya wataalamu. Mweleze pia daktari au mfamasia wako kila unachokitumia, bila kuona haya. Akijua kwamba unatumia probiotiki pamoja na dawa, ataweza kukupimia damu na kukuonyesha kama kiwango kimeshuka.

Kipimo hicho ndicho shahidi wa kweli. Anayetaka kujaribu probiotiki na ajaribu akiwa bado anatumia dawa yake, apime kabla, apime tena baada ya miezi mitatu, na amwachie daktari uamuzi wa kupunguza dozi. Desemba ijayo atarejea kihambani, ataketi na wenzake, atakula ndizi zake na kunywa mtindi uliochemshwa maziwa yake, na tarehe 26 ataamka na kutembea kwa miguu yake miwili.